Baiskeli za mbio za mtumba: Alumini au kaboni?

MFANYABIASHARA anayeingia katika biashara ya baiskeli za mbio za mtumba hukutana na aina mbili kubwa: zenye fremu ya alumini na zenye fremu ya nyuzi za kaboni. Za kaboni zina bei ya juu zaidi, na faida ya kila moja inavutia. Hata hivyo, kwa mwenye mtaji mdogo jambo la kwanza la kupima ni ipi kati ya hizo ambayo kasoro yake huonekana kabla fedha hazijatoka mkononi.

Sifa ya kaboni imejengwa mashindanoni. Mwaka 1998 Marco Pantani wa Italia alishinda Tour de France kwa baiskeli ya alumini ya Bianchi. Miaka iliyofuata kaboni ikatawala. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 2025, yakiwa ya kwanza barani Afrika, Tadej Pogačar wa Slovenia alitwaa taji la mbio za barabarani za wanaume kwa baiskeli ya kaboni. Mteja aliyeona hayo huja dukani tayari ameamua.

Hoja kubwa ya muuzaji ni uzito. Fremu nzuri ya kaboni huwa na takriban kilo moja, na ya alumini huizidi kwa kiasi cha gramu 300 hadi 500. Ikiwa mpandaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 80, gramu 500 ni chini ya asilimia moja ya mzigo wote. Katika mlima unaopandwa kwa saa nzima, uzito huo ni sawa na sekunde 20 hivi. Kwa mshindani, sekunde hizo huweza kuwa medali. Kwa anayefanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini, si kitu.

KASORO INAPOJIFICHA

Alumini ikigongwa hubonyea, na ikichoka hupasuka, mara nyingi karibu na maungio yaliyochomelewa: pale chini ya usukani, kwenye tundu la ekseli ya pedali na penye gurudumu la nyuma. Fundi mwenye kitambaa, tochi na subira anaweza kuuona ufa huo. Ukionekana, fremu iachwe. Kuchomelea mtaani hakufai, kwa kuwa aina nyingi za alumini ya baiskeli hupata nguvu yake kwa kupashwa moto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo.

Kaboni ni tofauti. Ni nyuzi zilizoshikwa kwa gundi ngumu. Ikitengenezwa vizuri haichoki upesi kama alumini, lakini hupata shida inapogongwa kwa ubavu au kubanwa kupita kiasi. Tabaka za ndani huweza kuachana huku rangi ya nje ikibaki inang'aa. Baiskeli iliyoanguka Ulaya, au iliyokandamizwa na mizigo ndani ya kontena, huweza kufika dukani ikiwa safi machoni, kisha foko yake ikakatika mpandaji akiteremka mlima kwa kilomita 60 kwa saa. Hapo hasara si ya fedha peke yake.

Kaboni iliyopasuka huweza kutengenezwa na fundi aliyesomea kazi hiyo. Tatizo ni kumpata fundi huyo na kumlipa. Aidha, viwanda vingi vikubwa hutoa dhamana ya fremu kwa mnunuzi wa kwanza tu, hivyo mnunuzi wa mtumba hana pa kudai.

HESABU YA MTAJI

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko. Mwenye shilingi 3,000,000 anaweza kununua baiskeli tano za alumini kwa 600,000 kila moja, au mbili za kaboni kwa 1,500,000. Tuseme kila ya alumini inaleta faida ya 150,000 na kila ya kaboni 500,000. Zote zikiwa nzima, alumini inaleta 750,000 na kaboni 1,000,000. Kaboni imeshinda.

Sasa fremu moja iwe mbovu, na vipuri vyake viuzwe kwa nusu ya gharama. Mwenye alumini anapoteza 300,000, anapata 600,000 kwa zile nne, na kubaki na faida ya 300,000. Mwenye kaboni anapoteza 750,000, anapata 500,000 kwa ile moja, na kuishia na hasara ya 250,000. Fremu mbovu ni moja kila upande, lakini mmoja amebaki sokoni na mwingine amekula mtaji.

KABLA YA KULIPA

Mnunuzi anashauriwa kufanya yafuatayo. Aichomoe nguzo ya kiti. Alumini ikigusana na kaboni penye jasho au hewa ya chumvi huliwa na kuganda, na wauzaji wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa wanapaswa kulikumbuka hilo. Agonge kaboni taratibu kwa sarafu sehemu zote. Mlio mkali ukigeuka kuwa mzito mahali pamoja, kuna shaka. Kipimo hicho husaidia, lakini mlio mzuri peke yake si uthibitisho. Atazame namba ya fremu, mara nyingi chini ya pedali. Iliyokwanguliwa isinunuliwe, huenda ni mali ya wizi.

Aidha, baiskeli nyingi za alumini zina foko ya kaboni. Anayenunua alumini asiache kuikagua foko hiyo.

Mwisho aangalie gia na breki. Alumini yenye seti ya Shimano 105 ambayo haijalika ni bidhaa bora kuliko kaboni yenye seti ya daraja la chini iliyochoka, kwani mnyororo, meno na magurudumu ndivyo vitakavyomrudisha mteja dukani akilalamika.

Kaboni ina nafasi yake. Inunuliwe pale historia ya baiskeli inapojulikana, fundi anapoweza kuifungua na kuikagua, na mteja ametoa malipo ya awali. Anayeuziwa kaboni kwa bei ya alumini na mtu asiyetaka ifunguliwe akumbuke kwamba rahisi ni ghali.