Isaka Hakuna Mkarafuu, Lakini Habari Zake Zatuhusu

Katika mkutano wetu uliopita mwanachama mmoja aliuliza: Serikali jirani zikitia saini mapatano, mkulima apata nini? Muda ulikuwa umekwisha, tukaahidi kumjibu humu. Tumechagua mfano wa Isaka, mji mdogo katika mkoa wa Shinyanga, kwa kuwa pale mapatano ya Serikali huonekana kwa macho.

Isaka ni kituo cha reli katika tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Shehena ya Rwanda na Burundi ikitoka bandari ya Dar es Salaam kwa gari la moshi husafiri karibu kilomita 1,000, kisha hushushwa Isaka na kupakiwa katika malori yaendayo Rusumo, mpakani mwa Rwanda, au Kabanga, mpakani mwa Burundi. Ndiyo maana huitwa bandari kavu. Makontena yapo na makarani wa forodha wapo. Maji ni ya kunywa tu.

Mali ipitayo haitozwi ushuru na nchi inayopitiwa. Lakini Serikali huchelea isije ikauzwa njiani, basi mwenye mali hana budi kuweka dhamana, na kontena hutiwa lakiri. Hilo ni haki. Taabu huja pale kila nchi inapotaka karatasi zake na ukaguzi wake. Lori likilala siku mbili likingoja muhuri, dereva hula, na mwenye lori hudai. Mnunuzi wa Kigali haongezi bei kwa ajili hiyo. Gharama humrudia mwenye mali, naye humkata mkulima.

Hapo ndipo mapatano yanapofanya kazi. Mwaka 2006 Tanzania, Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo zilitia saini mkataba wa kuisimamia njia hii kwa pamoja, nayo yaitwa Ushoroba wa Kati. Mwaka 2007 Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu 2014 Jumuiya ilianza kutumia eneo moja la forodha: ushuru hukadiriwa na kulipwa kwa Serikali ya nchi iendako mali, ilhali mali yenyewe ingali katika bandari ya kwanza. Na mwezi Aprili 2016 marais wa Tanzania na Rwanda walifungua kituo cha pamoja Rusumo, maofisa wa pande mbili wakakaa mahali pamoja, ili lori lisimame mara moja badala ya mbili.

Msidhani mambo yalikwenda shwari. Mwaka 2013 Rwanda ilipandisha ushuru wa barabara kwa malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi 500, kwa hoja kwamba malori yake yalitozwa kiasi hicho upande wetu. Lori lililotoka Isaka halikubadilika, wala barabara haikurefuka. Ni Serikali mbili tu zilizokuwa hazijaketi pamoja. Na wazee wetu wanakumbuka Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983.

Sasa tugeukie kwetu. Sisi wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa maana ya kukadiriwa mara mbili. Bidhaa iliyolipiwa Unguja kukadiriwa upya ifikapo Dar es Salaam ni malalamiko ya miaka mingi, na yamewahi kuhesabiwa katika zile ziitwazo kero za Muungano. Twaona ajabu kidogo kwamba njia ya Kigali ilipata dawa yake katika mkataba wa nchi tano, na sisi mkono mmoja wa bahari ukatushinda muda mrefu hivyo.

Kamati yataka kulipeleka jambo hili mbele, lakini maneno matupu hayatasikilizwa. Mwanachama yeyote aliyepeleka mdalasini au pilipili manga Bara, akalipishwa huku na huko, alete risiti zake zote mbili ofisini kabla ya mkutano ujao. Tutazinakili na kumrudishia zake.