Usiitupe Laptopu Yako Kuukuu, Ibadilishe Mfumo

Miezi michache iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani na laptopu kwapani, uso umemshuka. Anasoma chuo hapa Mombasa na kazi zake zote huziandika humo. "Mjomba, fundi asema hii imekwisha. Ati ninunue nyingine." Bei aliyotajiwa ni shilingi 40,000. Mamake huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Hizo si pesa za kutoka kwa mkupuo.

Niliiwasha. Ilichukua dakika saba kabla ya kukubali kufungua chochote. Lakini kioo kilikuwa kizima, kibodi nzima, na betri ilikaa saa mbili. Chombo hakikuwa na ubaya. Kilichokuwa kimechoka ni mfumo uliokuwa ukikiendesha.

Mfumo huo ulikuwa Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuutolea marekebisho ya kawaida ya usalama. Kulikuwa na nafasi ya kujiandikisha upate mwaka mmoja zaidi, lakini huko ni kuahirisha tu. Windows 11 nayo ina masharti yake: yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hapa mjini hazifiki hapo. Ukiendelea na mfumo usiorekebishwa, huku ukifungua barua pepe na akaunti ya benki humo humo, ni kama kulala mlango wazi. Na aliyetiliwa Windows ya wizi na fundi wa mtaani ana hatari zaidi, kwani hajui imekuja na nini ndani.

Njia niliyoichukua ni Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Ni programu huria: yeyote aweza kuitazama ilivyoundwa, kuirekebisha na kumpa mwenziwe. Ni kama jirani asiyeficha mapishi ya pilau yake. Ukiongeza bizari yako, hakushtaki. Usidhani ni kitu kigeni kwako. Simu yako ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Linux huja kwa sura nyingi. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina jina lenye shina moja na neno letu "utu". Mimi nilichagua Linux Mint, toleo la Xfce, kwa sababu ni jepesi na mpangilio wake hautamtatiza aliyezoea Windows. Huendeka kwa RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo ya raha. Laptopu iwe ya biti 64.

Kazi yenyewe huenda hivi.

Kwanza, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Nasema zote. Mara yangu ya kwanza, miaka ya nyuma, nilinakili folda ya nyaraka nikasahau zilizokuwa zimetapakaa kwenye skrini ya mbele. Picha za harusi ya dadangu zilikuwa hapo. Hazikurudi, na dadangu hunikumbusha kila Idi.

Pili, pakua Mint kutoka tovuti yake rasmi. Ni karibu GB 3, kwa hivyo tafuta Wi-Fi usimalize bando. Iandike kwenye flashi isiyopungua GB 4 kwa programu ya bure kama Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, basi isiwe na kitu chako.

Tatu, chomeka flashi, washa laptopu, na ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni F9. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Hapa usiwe na haraka. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Kitu kikikataa, zima, chomoa flashi, na laptopu yako iko vile vile.

Nne, ukiridhika, bonyeza sehemu ya kusakinisha. Utaulizwa kama wataka kufuta diski nzima au kuweka Mint kando ya Windows. Ukichagua kufuta, hakuna kurudi nyuma.

Nisikufiche upande wa pili. Microsoft Office na Photoshop za kusakinisha hazikai moja kwa moja kwenye Linux. Utakuta LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, ila mpangilio wa ukurasa waweza kusogea kidogo. Mpwa wangu huhifadhi kwa PDF kabla ya kumpelekea mwalimu. Ikiwa kazi yako yategemea programu maalum ya hesabu au usanifu, uliza kwanza kama yaendeka huku. Na kama diski ni ile ya kuzunguka, Linux itapunguza uzito lakini haitafanya muujiza. Kubadilisha kuweka SSD ndiko kutakakokufanya uone tofauti kubwa.

Laptopu ya mpwa wangu sasa huwaka chini ya dakika moja. Gharama yote ilikuwa flashi na alasiri moja ya Jumamosi. Wiki iliyofuata alinipigia: "Mjomba, wenzangu wawili wataka walete zao." Nikamwambia walete, lakini kwanza wanakili picha zao.