Tovuti Isipewe Zaidi ya Kazi Yake

Mwaka 2017 wadukuzi waliingia katika tovuti moja ya Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Tovuti hiyo ilikuwa na kazi moja: kupokea malalamiko ya wananchi walioona taarifa zao zina makosa. Kwa kazi hiyo ilihitaji hifadhidata tatu tu. Hata hivyo, uchunguzi wa kamati ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wavamizi walikuta humo faili lenye majina ya watumiaji na nywila zilizoandikwa wazi, wakazitumia kufika kwenye hifadhidata 48 zisizohusiana na malalamiko hayo. Walikaa ndani siku 76, na taarifa za watu takriban milioni 148 zikaibwa. Tundu walilopitia, la programu ya Apache Struts, lilikuwa limekwisha kutolewa kiraka Machi mwaka huohuo, na uzembe wa Equifax wa kutokiweka umeandikwa sana. Kwangu mimi kosa zito zaidi ni kuiachia tovuti hiyo njia ya kufika kwenye hifadhidata zisizoihusu, maana ndilo lililoamua ukubwa wa hasara.

Programu yoyote kwenye seva huendeshwa kwa jina la mtumiaji fulani. Mtumiaji huyo wa kimashine huitwa akaunti ya huduma, na ruhusa zake ndizo mpaka wa kile programu inachoweza kusoma, kuandika au kufuta. Mdukuzi akiiteka programu, ruhusa hizo zote ni zake papo hapo. Kwenye seva za Debian na Ubuntu akaunti ya tovuti kwa kawaida ni www-data, nayo imeundwa makusudi iwe na uwezo mdogo. Anayeiharibu ni fundi mwenye haraka. Tovuti imegoma kupokea picha, basi anaweka ruhusa ya 777 kwenye folda nzima ya tovuti, yaani kila mtumiaji wa seva asome, aandike na aendeshe chochote. Picha zinapita, kazi inakabidhiwa. Tangu hapo, anayefanikiwa kupenyeza faili la PHP mahali pa picha anaweza kubadilisha hata msimbo wa tovuti yenyewe. Ilitakiwa msimbo uwe mali ya akaunti nyingine na www-data iusome tu, iandike ndani ya folda moja ya picha, na seva ikatazwe kuendesha programu yoyote iliyomo humo. Kwenye hifadhidata nako, tovuti iwe na mtumiaji wake wa kusoma, kuingiza na kurekebisha taarifa katika majedwali yake, asiyeweza kufuta jedwali wala kumgawia mwingine ruhusa.

Wapo wanaosema viraka na ukuta wa ulinzi vinatosha. Mkasa wa benki ya Capital One mwaka 2019 unawajibu. Mvamizi alipitia ukuta uleule wa kulinda tovuti, uliokuwa umesanidiwa vibaya, na akaunti ya ukuta huo ilikuwa na ruhusa ya kuorodhesha na kusoma mafaili yaliyohifadhiwa kwa Amazon. Mlinzi wa geti alikuwa amepewa ufunguo wa sefu. Watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada waliguswa.

Pingamizi la mafundi wenyewe lina uzito zaidi: ruhusa finyu huvunja tovuti, na mteja anasubiri. Ni kweli huivunja. Lakini inapovunjika, seva huandika kwenye kumbukumbu zake faili lipi limekataliwa, na fundi anaongeza ruhusa hiyo moja akaendelea na kazi. Ruhusa pana haitoi onyo lolote mpaka siku ya uvamizi. Tena mzigo huu haukupaswa kumwelemea fundi peke yake. Julai 2001 kirusi cha Code Red kilishambulia seva za tovuti za Microsoft, ambako sehemu iliyokuwa na tundu iliendeshwa kwa mamlaka ya mfumo mzima, kikateka kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Toleo la Windows Server la mwaka 2003 lilipotoka, kazi za tovuti zilikuwa zimehamishiwa kwenye akaunti yenye ruhusa chache tangu siku ya kusakinishwa, bila fundi kugusa chochote. Wanaouza huduma za kuhifadhi tovuti wanaweza kufanya hivyohivyo kwa kila mteja wao, na mwenye tovuti ana haki ya kuwauliza kabla hajalipa: yangu itaendeshwa kwa akaunti gani, na itaruhusiwa kuandika wapi?