Usimtenge Mtoto wa Mbwa na Mamake Mapema

Wauzaji wengi, hasa wale wa kando ya barabara, watakuambia kwamba mtoto wa mbwa akishaanza kula uji yu tayari kwenda. Usikubali. Kwa mbwa wadogo kama Chihuahua, wiki 8 ndizo za chini kabisa. Afadhali ungoje 10 au hata 12. Mwili wake mdogo hauna akiba. Akikosa chakula kwa saa chache tu, sukari ya damu hushuka, akalegea, akatetemeka, na anaweza kufa usiku huo huo. Mlishe mara 4 kwa siku.

Tena ni mamake na nduguze wanaomfunza kutouma kwa nguvu, na nyumbani kwako kuna watoto.

Kabla ya kutoa pesa, mwone akila mwenyewe, kisha uitishe kadi ya chanjo. Ile ya kichaa cha mbwa itakuwa juu yako, afikishapo miezi 3.