Mpima Mizani Halipwi na Mnunuzi

Wazee wa Usukuma wanaokumbuka misimu ya pamba ya mwanzo wa miaka ya 1950 hawajasahau mizani. Mkulima wa Shinyanga, wa Maswa au wa Geita alifikisha mzigo wake kituoni, na mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma uzito, na ndiye aliyehesabu fedha. Mkulima asiyejua kusoma tarakimu alipokea alichopewa, akarudi nyumbani kimya, huku moyoni akijua kwamba mfuko wake ulikuwa mzito kuliko alivyoambiwa. Uchungu huo ndio uliowafanya wakulima waweke watu wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani na kuitazama kwa niaba yao. Kutokana na mwanzo huo mdogo vilikua vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika VFCU chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, na sifa zake zikaenea Afrika nzima.

Kazi ya mtu yule wa mizani ilikuwa na sharti moja tu: asilipwe na mnunuzi. Hata kama mnunuzi hakumwomba adanganye, hata kama senti aliyopewa iliitwa chai au nauli, siku alipoipokea mkulima alikuwa amekwisha kumpoteza mtu wake. Jicho lake lingali pale pale kwenye mizani, lakini lina mwenyewe mwingine.

Tunakumbusha habari hizi kwa sababu Taifa letu limekwisha kuingia mara kadhaa katika mzozo wa posho za Wabunge, na kila mara mzozo huo umezungumzwa kama ni jambo la tamaa ya watu wachache. Maoni yetu ni kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko tamaa. Mbunge ndiye mpima mizani wetu. Swali la kwanza la kumwuliza ni nani anayemlipa, kisha ndipo tuulize analipwa kiasi gani.

Tuanze na mwaka 2009. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU, ilianza kuwahoji Wabunge kwa tuhuma ya kupokea posho mbili kwa kazi moja. Utaratibu wake haukuwa mgumu kuuelewa. Kamati ya Bunge inapotoka kwenda kukagua wizara, shirika la umma au halmashauri, Ofisi ya Bunge humlipa kila mjumbe posho ya kujikimu kwa siku zote za safari. Tuhuma ilikuwa kwamba wajumbe wakifika huko waendako, wenyeji nao huandaa orodha, mhasibu hutoa bahasha, na Mbunge hutia sahihi mara ya pili kwa chakula kile kile na kwa usiku ule ule mmoja.

Bungeni malalamiko yakawa makubwa. Baadhi ya Wabunge walisema kwamba uchunguzi ule ulikuwa kisasi cha Richmond, maana Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilikuwa imeikosoa pia TAKUKURU, katika ripoti ile ile iliyofuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwezi wa Februari 2008. Wengine walisema kwamba hakuna sheria iliyowazuia kupokea ukarimu wa wenyeji wao. Yamkini katika hoja ya kwanza mlikuwa na neno la kufikiriwa, kwa kuwa mkaguzi naye hukaguliwa. Lakini hoja ya pili ndiyo yenye sumu. Mtu akikujia kukagua hesabu zako, ukamlipa wewe, huo si ukarimu tena, hata kama kanuni hazikuutaja.

Sasa tulilete jambo hili nyumbani, Geita na Shinyanga. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mkubwa mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009, yote miwili ikiwa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga. Dhahabu ikawa pamba mpya ya Kanda ya Ziwa, na mizani yake imo katika karatasi: mikataba, mirabaha, hesabu za mauzo, na ushuru wa huduma unaostahili kuingia katika halmashauri. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 ikaufanya asilimia 4, na mabadiliko ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6. Mwananchi anayeponda mawe kwenye karasha huko Rwamagasa, au anayeteremka kwa kamba ndani ya duara huko Nyarugusu, hawezi kuingia ofisini kusoma karatasi hizo. Amemtuma Mbunge azisome kwa niaba yake.

Tusisahau jinsi kusoma karatasi hizo kunavyoweza kuwa na gharama. Mwezi wa Agosti 2007, Mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alisimamishwa kuhudhuria Bunge baada ya kutoa hoja juu ya mkataba wa Buzwagi uliotiwa sahihi London. Kabla ya mwaka huo kwisha, Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuitazama upya sekta nzima ya madini, na Mbunge yule yule akawa mmoja wa wajumbe wake. Chama cha wakulima na wafanyakazi hakina sababu ya kuona haya kukiri kwamba swali lile lilistahili kuulizwa, ingawa lilitoka upande wa pili wa ukumbi.

Basi tuseme, kwa mfano tu, kwamba kamati fulani inafika katika halmashauri ya migodini kuuliza fedha za ushuru zimekwenda wapi. Mkurugenzi wa halmashauri ana zahanati isiyo na dawa na shule isiyo na madawati, na hesabu zake zina tundu. Akimwagiza mhasibu atoe masurufu ya kuwalipa wageni, fedha hizo zitatoka wapi? Zitatoka katika ushuru ule ule waliokuja kuuulizia. Na yule aliyekwisha kutia sahihi asubuhi atauliza kwa sauti gani mchana? Hapo hasara ya mwananchi ni mbili: amelipa posho mara mbili, na swali lake halikuulizwa.

Mwisho wa mwaka 2011 jambo likarudi kwa sura nyingine. Ilijulikana kwamba posho ya kikao cha Bunge ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Kwanza likakanushwa, baadaye Spika Anne Makinda akalithibitisha, akieleza kwamba maisha ya Dodoma yamekuwa ghali. Ukijumlisha posho ya kujikimu ya shilingi 80,000 na ya usafiri shilingi 50,000, Mbunge alipata shilingi 330,000 kwa siku moja, nje ya mshahara wake. Wakati ule kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali hakikufika shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwezi wa Januari 2012 madaktari wakagoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa posho ya kuitwa kazini usiku. Mwaka 2014, katika Bunge Maalumu la Katiba, posho ilikuwa shilingi 300,000 kwa siku, na bado wakatokea wajumbe walioinuka kusema kwamba haitoshi.

Haki inatudai tuwasikilize Wabunge wenyewe. Mbunge wa Bukombe au wa Msalala anaporudi jimboni hukuta watu mlangoni pake kabla jogoo hajawika. Huyu ana msiba, yule ana mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada, wale wanajenga msikiti, hawa wanaezeka kanisa, na timu ya mpira inataka jezi. Akitoa, anaitwa mtu wa watu. Asipotoa, anaambiwa ameota mapembe. Lawama hiyo ni yetu pia. Tukimgeuza Mbunge kuwa hazina ya kata, tusistaajabu anapoitafuta fedha hiyo mahali pasipostahili. Hata hivyo udhuru huu una mpaka wake. Shilingi iliyotoka katika fedha za halmashauri kwa njia ya posho ya pili, kisha ikarudi kijijini kama mchango wa jeneza, ilikuwa mali ya kijiji tangu mwanzo.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika peke yao. Mwaka huo huo wa 2009, Bunge la Uingereza, ambalo wakoloni walituambia ndilo mfano wa mabunge yote, lilikumbwa na fedheha ya aina hiyo hiyo. Magazeti yalifichua hati za madai za Wabunge. Mmoja aliandika dai la pauni 1,645 za kibanda cha bata katika bwawa lake, ingawa dai hilo halikulipwa. Mwingine, David Chaytor, alidai kodi ya nyumba ambayo kumbe ilikuwa yake mwenyewe, na mwezi wa Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Spika Michael Martin alilazimika kuondoka, jambo lisilompata Spika yeyote wa Bunge lile tangu mwaka 1695. Baada ya hapo kazi ya kuidhinisha madai iliondolewa mikononi mwa Wabunge, ikapewa chombo huru, na madai yakawa yanatangazwa ili kila raia ayasome. Hilo la mwisho ndilo linalostahili kuigwa.

Lakini sisi hatukuhitaji kungoja somo kutoka London. Mwezi wa Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere, katika mzozo wake na wanafunzi wa Chuo Kikuu, alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likamkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kupokea mishahara miwili. Posho mbili ni nini, kama si mishahara miwili iliyovaa kanzu nyingine? Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ikaja mwaka 1995. Sheria hiyo ina faida yake, lakini haikurudisha aibu ambayo kiongozi wa wakati wa Azimio aliiona pale alipotajwa kuwa na vyanzo viwili vya pato.

Na Shinyanga yenyewe ina mfano wake. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe katika Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, watu waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mwezi wa Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na Wakuu wa Mikoa hiyo miwili nao wakaondoka madarakani. Mzee Mwinyi hakuinua mkono wake kumpiga mtu yeyote. Hakungoja kuulizwa ni kanuni gani aliyoivunja. Aliona kwamba yaliyotendwa chini ya dhamana yake yalimhusu, akaondoka. Na miaka minane baadaye wananchi walimpa nchi nzima aiongoze.

Iko pia mifano ya karibu zaidi. Mwezi wa Aprili 2016 Bunge lilimkabidhi Rais John Magufuli, mwana wa Chato mkoani Geita, shilingi bilioni 6 zilizookolewa katika matumizi yake, ili zinunue madawati. Kumbe ikitakiwa, inawezekana.

Basi tunapendekeza mambo matatu, nayo yote ni mepesi kuyatekeleza. Kwanza, safari moja iwe na mlipaji mmoja, naye awe Ofisi ya Bunge. Wizara, shirika, halmashauri au kampuni ya mgodi itakayomlipa mjumbe wa kamati ihesabiwe kuwa imetoa rushwa, na aliyepokea ahesabiwe kuwa ameipokea. Pili, madai ya kila Mbunge yatangazwe kila robo ya mwaka na kubandikwa katika ofisi ya wilaya, ambapo mwanachama yeyote atayasoma. Tatu, Chama, kinapoketi kuteua wagombea, kilitazame jambo hili kabla ya kutazama ufasaha wa hotuba na wingi wa kanga zilizogawiwa.

Watu wa Geita waliokwenda Mwanza kwa mamia mwaka 1958, kulipinga baraza la wilaya ambalo hawakulitaka, hawakuwa na posho ya kujikimu. Walitembea na chakula chao, na mabomu ya machozi yakawakuta huko. Walichotaka ni kutawaliwa na watu wanaowajibika kwao. Ndugu mwanachama, Mbunge wako atakapokuja tawini kueleza safari za kamati yake, msikilize kwa heshima inayomstahili. Akimaliza, nyosha mkono, umwulize kwa adabu: safari ile, Ndugu Mbunge, ililipwa na nani?