Meli ya Ndizi Iliyogeuzwa Uwanja wa Ndege

Wajukuu zangu wa Nshamba, ninyi mmezaliwa migombani, kwa hiyo habari hii naianza na ndizi.

Mwaka 1939 Wajerumani walijenga meli iliyoitwa Hannover, ya kuchukua ndizi kutoka visiwa vya Karibi kwenda Ulaya. Mwaka huo huo Vita Kuu ya Pili ikalipuka. Machi 1940 Waingereza waliikamata katika Bahari ya Karibi. Mabaharia wake waliitia moto wakataka izame isiangukie mikononi mwa adui, lakini moto ulizimwa na meli ikaburutwa hadi Jamaica. Baadaye Waingereza waliifyeka sehemu yote ya juu, wakaitandika sitaha bapa toka mwanzo hadi mwisho, wakaweka ndege za vita juu yake. Wakaiita Audacity.

Mtauliza, kwa nini wahangaike na meli ya ndizi? Kwa sababu walikuwa wamebanwa. Uingereza ni kisiwa. Sehemu kubwa ya ngano, nyama na mafuta, pamoja na silaha nyingi, ilitoka ng'ambo, na nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizizamisha meli za mizigo moja baada ya nyingine. Meli zilianza kusafiri kwa misafara, nyingi kwa pamoja, zikisindikizwa na manowari. Hiyo nayo haikutosha.

Hapa lazima muielewe nyambizi ya wakati ule. Ilikuwa chombo cha juu ya maji chenye uwezo wa kuzama kwa muda. Juu ya maji ilitumia injini za dizeli na kwenda kasi kuliko meli nyingi za mizigo. Ikizama ilitegemea betri, nazo humalizika. Mwendo unakuwa wa kujikokota, macho yanabaki kwenye bomba jembamba la kuchungulia, na baada ya saa kadhaa lazima ipande juu kuvuta hewa na kuchaji. Basi ndege moja tu ikizunguka angani, nyambizi inalazimika kuzama na kubaki chini, huku msafara ukienda zake. Lakini ndege za nchi kavu hazikufika katikati ya bahari kuu. Dawa ikawa uwanja wa ndege usafiri pamoja na msafara.

Audacity haikuwa hata na banda la ndege chini ya sitaha. Ndege zake zilikaa nje kwenye upepo na maji ya chumvi, na mafundi walizitengeneza hapo hapo usiku. Ilifanya kazi kwa miezi michache tu. Tarehe 21 Desemba 1941 nyambizi iliipiga na kuizamisha ikiwa inalinda msafara uliotoka Gibraltar. Wakuu wa vita walikuwa wameshaona inachoweza, wakataka nyingine, na nyingi.

Marekani ndiyo iliyokuwa na viwanda vya kuzijenga haraka. Mwanzoni walichukua mabodi ya meli za mizigo ambazo ujenzi wake ulikuwa umeshaanza, wakayageuza. Aina yao iliyojulikana kwa jina la Bogue ilifikia meli zaidi ya 40, na 34 kati ya hizo walipewa Waingereza. Nyingi zilitoka kiwanda kimoja cha Tacoma, magharibi ya Marekani. Kundi kubwa Waingereza walilipa majina ya watawala: Shah, Begum, Ameer, Rajah, Khedive. Mwendo wake haukuzidi kilomita 33 hivi kwa saa, na ganda lake lilikuwa jembamba kuliko la manowari halisi. Mabaharia wa meli kubwa waliziona duni. Mimi naziheshimu kuliko hizo kubwa, kwa sababu zilitengenezwa kulinda watu waliokuwa njiani.

Fikirieni rubani anayerudi kutua. Sitaha ina urefu wa mita 135 hivi, yaani kiwanja cha mpira na robo yake, lakini kiwanja hiki kinapanda na kushuka na mawimbi, na kinasogea mbele. Ukingoni amesimama mtu mwenye vibao viwili mikononi. Kwa ishara za mikono yake, rubani anajua kama yuko juu mno au chini mno. Mkiani mwa ndege inaning'inia ndoano ya chuma, na sitahani zimetandazwa nyaya nene. Ndoano ikinasa waya, ndege inasimama kwa mshtuko. Ikikosa, mbele kuna kizuizi cha nyaya, na baada ya kizuizi ni ndege za wenzake au bahari. Ndege ikishatulia inasukumwa kwenye lifti, inateremshwa bandani chini, na inayofuata inaingia.

Sasa njooni pwani yetu. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, kinachoitwa Sri Lanka leo. Waingereza wakahamishia kundi lao kubwa la manowari bandari ya Kilindini, Mombasa. Hata shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, na madarasani humo wakakaa wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Nyambizi za Japani na za Ujerumani ziliingia Bahari ya Hindi kuwinda meli, tangu Madagaska na Msumbiji hadi karibu na Ghuba ya Aden.

Katika bahari hiyo ndipo walipopita vijana wetu. Wanajeshi wa KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, au Keya kama walivyoitwa, waliandikishwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland wakapelekwa kupigana Bama, inayoitwa Myanmar leo. Februari 1944 msafara wa meli tano zenye askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ulikuwa na manowari za kuulinda, lakini hapakuwa na hata moja ya kubeba ndege. Mchana wa Jumamosi, tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga mojawapo ya meli hizo tano, Khedive Ismail, kwa topido, yaani bomu la majini linalojiendesha lenyewe. Meli ilizama katika dakika chache. Ilikuwa na watu 1,511, wengi wao askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa kike. Walikufa 1,297.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo ni zito, ila mmekua, mtalisikia. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari Petard na Paladin zilikuwa na amri ya kulinda meli zilizobaki, zikaangusha mabomu yanayolipukia chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa majini waliuawa nayo. I-27 ililazimika kupanda juu, na Petard ikaimaliza kwa topido. Sisi wa Kagera tulioipoteza MV Bukoba mwaka 1996 hatuhitaji kufundishwa jinsi ilivyo kusubiri mtu aliyepanda meli na asirudi. Mkibahatika kufika Nairobi, nendeni kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Pana ukumbusho hapo wa waliopotea na Khedive Ismail.

Mwezi uliofuata kuzama kwa Khedive Ismail mambo yalianza kubadilika. Manowari ndogo ya ndege Battler, mojawapo ya zile zilizojengwa Marekani, ilikuwa kusini-mashariki ya Morisi. Tarehe 12 Machi 1944 ndege yake iliiona meli ya Kijerumani Brake, iliyokuwa ikizijazia mafuta nyambizi baharini. Manowari Roebuck ikaifuata na Brake ikaenda chini. Nyambizi zikawa hazina pa kujaza mafuta karibu, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko kuzamisha nyambizi moja.

Agosti mwaka huo nyambizi ya Kijerumani U-198 ilifika bahari ya mashariki ya pwani yetu. Tarehe 6 na 7 ilizamisha meli mbili za mizigo, Empire City na Empire Day. Waingereza wakatuma manowari mbili za ndege kwa pamoja, Shah na Begum, na manowari ndogo za kusaka. Tarehe 10 ndege ya Shah, aina ya Avenger, iliiona U-198 juu ya maji. Nyambizi ikazama, lakini sasa ilijulikana iko wapi, na msako haukukatika. Tarehe 12, karibu na Shelisheli, manowari Findhorn ya Uingereza na Godavari ya India ziliizamisha. Mabaharia wake wote walikufa. Nao walikuwa vijana, na mama zao waliwasubiri.

Vita vilipokwisha, Waingereza walizirudisha meli hizi Marekani. Baadhi zilikatwakatwa zikauzwa vyuma chakavu. Nyingine, kwa kuwa ndani yake zilikuwa bado meli za mizigo, ziling'olewa sitaha zikarudia kazi ya amani. Shah ilinunuliwa na kampuni ya Argentina, ikapakwa rangi upya, ikaitwa Salta, ikawa ya abiria, ikivusha familia za Ulaya zilizohamia Amerika ya Kusini.

Usiku wa tarehe 22 Desemba 1963 meli ya Kigiriki Lakonia, iliyojaa watu waliokwenda kula Krismasi baharini, ilishika moto karibu na kisiwa cha Madeira. Watu 128 walipoteza maisha. Salta ilikuwa miongoni mwa meli zilizosikia wito na kukimbilia huko, na ndiyo iliyookoa wengi kuliko nyingine zote: watu 475.