Mkoba wa Safari ya Pikipiki: Usiutazame Uso

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Methali hiyo niliijua tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, na baadaye nikaifundisha darasani. Lakini maana yake kamili niliipata kando ya barabara ya Masaka, mvua ikininyeshea, na mkoba wangu mpya ukivuja nyuma yangu.

Ilikuwa miezi michache baada ya matanga ya marehemu baba, aliyekuwa askari polisi mstaafu. Nilifunga safari kwa pikipiki kutoka Kampala kwenda nyumbani Kabale, mwendo wa kilometa zipatazo 400, nikiwa nimebeba hati zake za utumishi ili mama aweke dole gumba na kudai mafao. Mkoba niliununua kwa kupendezwa na weusi wake uliong'aa na zipu zake nyingi. Mvua ya Aprili ilinikuta Lukaya. Nilipofika Masaka nikaufungua, nikaona wino umetapakaa na mihuri haisomeki tena. Mama alingoja nakala nyingine kwa miezi saba. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni askari unayerudi kambini baada ya likizo, au mzazi umpelekeaye mwanao vifaa vya shule. Yafuatayo nimeyajifunza kwa gharama. Wewe yapokee bure.

Kwanza, zingatia barabara utakayopita. Sanduku la alumini au la plastiki ngumu lina kufuli, nalo huzuia mvua vyema kwenye barabara ya lami. Lakini ni zito, na pikipiki ikianguka juu ya mawe, sanduku la alumini laweza kupinda hata kifuniko kisikaze tena. Tena kwenye matope au mchanga, mguu unaoutanguliza chini ili usianguke waweza kubanwa na sanduku hilo. Kwa njia zetu za udongo mwekundu, mkoba laini wa turubai nene una nafuu: hubonyea pasipo kuvunjika, na ukichanika hushoneka.

Pili, tazama mshono na mdomo. Maji hayapiti katikati ya kitambaa kizuri. Hupita katika matundu ya sindano na katika zipu. Vumbi nalo huingia kwenye meno ya zipu, likayala hadi yakaacha kushikana. Ulio bora ni mkoba wa turubai la plastiki, mfano wa lile la kufunikia malori, ambao maungio yake yameunganishwa kwa moto badala ya uzi, na mdomo wake hukunjwa mara tatu kisha ukafungwa kwa bizimu. Kama ni wa kushonwa, uwe na mishono miwili sambamba ya uzi wa nailoni. Uzi wa pamba huoza upesi ukilowa mara kwa mara.

Tatu, chunguza mafungio. Mkoba imara juu ya keria dhaifu ni kazi bure. Mwombe fundi wa kuchomelea aongeze chuma cha kuzuia mkoba usiguse tairi. Acha nafasi isiyopungua upana wa kiganja kati ya mkoba na bomba la moshi, kwani joto lake huyeyusha nailoni. Ncha za mikanda zisiachwe zikining'inia: ncha moja ikinaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma, gurudumu hukwama ghafla, na hapo hasara si ya mkoba tena. Kamba za mpira zenye kulabu zitumiwe kwa hadhari, kwa sababu kulabu ikichomoka huweza kutoboa jicho. Mikanda yenye bizimu ni salama zaidi.

Nne, pima uzito. Kitabu cha pikipiki hutaja uzito wote unaoruhusiwa, dereva na abiria wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Tuseme kimetaja kilo 150. Ikiwa wewe una kilo 75 na mkeo ana kilo 60, mzigo uliobaki ni kilo 15 tu, na mkoba wenyewe umo. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na kiti, sawasawa kulia na kushoto. Vikiwekwa juu na nyuma kabisa, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kuyumba.

Tano, jaribu mkoba kabla ya safari. Weka ndani gazeti kuukuu, ufunge, kisha umwagie ndoo nzima ya maji na kungoja dakika 10. Gazeti likitoka kavu, mkoba umefaulu. Baada ya kilometa 50 za kwanza barabarani, simama ukaze nati na mikanda yote, maana mtikisiko huvilegeza.

Nanyi mlioko nyumbani mnaweza kusaidia. Mshono uliofumuka katika turubai la pamba hurudishwa kwa sindano ya kushonea magunia na uzi wa nailoni. Kisha sugua nta ya nyuki au ya mshumaa juu ya mshono huo, uipashe joto kidogo ili izame katika matundu. Lakini hati, dawa na fedha zisitegemee mkoba peke yake. Zifungwe kwanza katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine.

Mkoba nilio nao sasa hauna rangi ya kupendeza, na watoto wangu huuita gunia. Umekwisha kwenda Kabale na kurudi mara nyingi, katika masika na katika kiangazi. Kila nifikapo, mama hunipokea mlangoni na kuuliza kabla ya salamu: “Umekuja na vitu vikavu, mwanangu?” Nami humjibu, “Vikavu, mama.” Ndipo tuamkiane.